Pikapu yangu ya 2009 imefika kilomita 312,000, niendelee nayo au nihamie kwenye mpya?

MzigoMzito

Wakuu habari zenu, naomba mawazo kabla sijasaini karatasi za mkopo maana nikishasaini hakuna kurudi nyuma.

Nina pikapu dabo kebini, dizeli lita 3.0, gia za mkono, foo wili, ya mwaka 2009. Niliichukua ikiwa na kilomita 90,000, leo dashibodi inasoma 312,000 na injini haijawahi kufunguliwa. Kazi yangu ni kufunga na kutengeneza pampu za maji, kwa hiyo nyuma kuna mabomba, boksi la spana, mashine ya kuchomelea, na mara mbili tatu kwa mwezi navuta tela lenye jenereta. Jioni na wikendi hiyohiyo ndo gari ya familia, mimi na mke wangu na watoto wawili.

Gari naipenda sitaki kuficha. Lakini mwaka huu imenichosha, imekula klachi, beringi mbili za mbele, rejeta, altaneta, vyote ndani ya miezi kumi, na kinachoniuma zaidi sio hata hela ya spea, ni zile siku inalala gereji mteja anapiga simu na mimi sina cha kumwambia. Halafu sasa hivi asubuhi nikiwasha ikiwa ya baridi inagonga tak tak tak na moshi mweupe kidogo, dakika moja hivi, ikishapata moto inatulia kabisa utadhani hakuna kilichotokea.

Nimepata nyingine ya miaka miwili tu, dizeli pia, injini ndogo kidogo ila nguvu inaipita yangu mbali, otomatiki, ina kamera ya nyuma na wanasema ulaji wa mafuta ni mzuri. Mkopo miaka 5. Rafiki yangu mmoja anasema gari ikivuka laki tatu unajidanganya, mwingine anasema nikiiachia hii nitakuja kulia. Nyie mngekuwa mimi mngefanyaje?

KasiTaratibu

Achana nayo mkuu. Imeanza klachi, ikaja beringi, inayofuata ni gia boksi halafu tabo, ndo zinavyokwendaga. Mimi ya kwangu niliing'ang'ania kila mwezi nasema nikitengeneza hiki imeisha, mpaka injini ikanoki nikaishia kuiuza kama chuma chakavu. Uza ikiwa bado inatembea na miguu yake.

Spana14

Mimi ni fundi wa dizeli, huu mwaka wa 19, naomba nitofautiane na KasiTaratibu kwa heshima.

Mkuu hivyo ulivyotaja, klachi, beringi, rejeta, altaneta, vyote ni vitu vya kuisha, hata hiyo mpya ikifika umri huo itavidai vilevile. Gari iliyokula vyote hivyo mwaka huu, mwaka kesho haivili tena. Kila siku naona mtu anafunga spea mpya mwilini mzima halafu anakasirika anauza, anayenunua ndo anafaidi jasho lake. Mimi huwa siulizi gari imebadilishwa nini, nauliza chesesi (ile fremu ya chuma ya chini) ikoje, injini ndani ikoje na gia boksi ikoje, kwa sababu hivyo vikifa hesabu inabadilika kabisa.

Anza na chesesi maana ndo isiyo na spea. Lala chini na nyundo ndogo, gonga taratibu toka mbele mpaka nyuma, chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti iliyokufa kama unagonga boksi la karatasi. Kaa sana pale chesesi inapopanda kupita juu ya ekseli ya nyuma na pale springi zinaposhikiliwa, tope hukaa hapo msimu mzima. Chesesi za boksi zinaoza kuanzia ndani, kwa hiyo hiyo rangi nyeusi iliyopigwa nje isikudanganye, chukua bisibisi chokoa kwenye matundu ya kutolea maji uone kinachodondoka. Ukikuta imeshachomelewa viraka pale pa springi na wewe unavuta tela, hapo hata mimi nitakwambia iuze.

Injini: iwashe ipate moto, ikiwa inaunguruma fungua mfuniko wa oili uuache umekaa juu bila kufunga. Kaupepo kadogo ni kawaida ya dizeli. Kama mfuniko unarukaruka na moshi unapumuliwa kwa mapigo, basi ringi za pistoni zimechoka. Usiishie hapo, pima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa, silinda zote nne, na usiangalie tu kama namba ni kubwa, angalia kama zinalingana, kwa sababu injini iliyochoka sawasawa inaweza kukupeleka mbali kuliko ambayo silinda moja imeachwa na wenzake.

Sasa huo mlio wa asubuhi ndo umenifanya niandike kirefu hivi. Kugonga na moshi mweupe ikiwa ya baridi maana yake kuna mafuta hayajaungua vizuri. Inaweza kuwa plagi za kupasha moto zimekufa, hiyo ni rahisi. Inaweza kuwa nozo, zile zinazopuliza dizeli ndani ya silinda. Kuna kipimo cha chupa nne, unachomoa mirija ya marejesho ya nozo unaiingiza kila mmoja kwenye chupa yake, unawasha dakika chache, itakayojaa kupita wenzake ndo nozo iliyolika ndani. Ila nozo inayodondosha kwenye ncha hiki kipimo hakiikamati, hiyo mpaka iende kwenye benchi la kupimia. Na cha tatu ambacho watu wengi hawakijui ni ile washa ndogo ya shaba, kiringi bapa cha kuziba kinachokaa chini ya nozo. Ikianza kuvuja, moto wa silinda unapanda na kuingia kwenye oili, oili inatengeneza masizi mazito kama lami, yale masizi yanakwenda kuziba chujio la oili chini kwenye sampo (bakuli la oili chini ya injini), halafu siku moja uko kwenye kilima na mzigo taa ya oili inawaka na injini imeshakufa. Washa yenyewe ni kitu kidogo kabisa. Nimefungua injini za namna hiyo nyingi na karibu kila mwenye gari ananiambia ilikuwa inagonga kidogo tu asubuhi.

Kwa hiyo hata kama umeamua kuuza, hiyo nenda kaangalie wiki hii. Na niambie taimingi belti, ule mkanda wa raba wa injini, ilibadilishwa lini.

DadaWaKokoto

Nimesoma wote mnaongelea injini na chesesi, hakuna hata mmoja aliyeuliza habari ya wale watoto wawili kiti cha nyuma.

Kaka MzigoMzito mimi nafanya biashara ya kokoto na mchanga na nilikuwa na pikapu ya zamani kama yako nikiipenda hivyohivyo. Siku moja narudi mtupu, barabara imelowa, spidi wala haikuwa kubwa, kwenye kona mkia ukateleza nikakata usukani upande wa pili ukateleza tena, nikabiringika. Nilivunjika mkono mahali pawili na namshukuru Mungu nilikuwa peke yangu. Pikapu ikiwa haina mzigo nyuma inakuwa nyepesi sana na springi zake ni ngumu zilizotengenezewa tani, kwa hiyo tairi za nyuma hazishiki vizuri. Gari za sasa zina mfumo wa kuzuia kuteleza, sensa zikiona gari inaelekea kusiko usukani ulikoelekezwa mfumo unakamata breki ya tairi moja peke yake, kwa mguu wako huwezi kufanya hicho kitu hata uwe dereva wa namna gani. Marekani waliulazimisha kwenye gari zote ndogo mpya pamoja na pikapu kuanzia modeli za 2012, hawakufanya hivyo kwa kupenda urembo.

Ya 2009 inaweza kuwa nao au isiwe nao, inategemea ilitoka na vifaa gani. Washa swichi angalia taa za dashibodi kama kuna ile ya gari yenye alama za kuteleza nyuma yake. Angalia pia kiti cha nyuma katikati kama mkanda unapita begani au unafunga kiuno peke yake. Sisemi uchukue mkopo, nasema hicho nacho kiingie kwenye hesabu kwa sababu hakuna fundi atakayekufungia baadaye.

NjiaNdefu

Kabla ya yote mkuu, safari zako zikoje? Unatembea kilomita ngapi kwa siku na kila kipande kina urefu gani? Jibu hilo kwanza ndo nikwambie kuhusu hiyo mpya.

MzigoMzito

Asanteni sana kwa kweli sikutegemea mtu aandike hivi. Dada pole sana, umenigusa, hiyo taa nitaiangalia leo jioni.

NjiaNdefu mimi kazi yangu ni ya hapa na hapa. Kwa siku kama kilomita 60 lakini ni vipande vya kilomita 6, 8, nazima nafanya kazi masaa mawili, nawasha tena. Barabara kubwa labda mara moja kwa mwezi. Kwa mwaka inakuja kama 18,000.

Spana14 belti ilibadilishwa nikiwa na 165,000, nimetafuta risiti nimeiona.

Spana14

165 mpaka 312 ni kilomita 147,000 na miaka mingi juu yake!! Injini nyingi za mkanda zinataka kati ya laki moja na laki moja na nusu, na muda nao unahesabiwa kwa sababu raba inazeeka hata gari ikisimama. Ukikatika pistoni zinakutana na vali, hapo umeua hedi na huenda na injini nzima. Usivute tela lolote mpaka ubadilishe, na weka tensiona (kikaza belti) na wota pampu palepale, usirudishe za zamani.

NjiaNdefu

Haya sasa nimeelewa. Kwa safari hizo mkuu hiyo pikapu mpya itakutesa, na sikuambii kwa kusikia, nimepita humo.

Dizeli za kisasa zina kichujio cha masizi kwenye ekzosi. Ulaya ilipoingia kanuni ya moshi wa magari ya Euro 5 mwaka 2009 dizeli ndogo mpya karibu zote zikawa nacho, na ilipoingia Euro 6 mwaka 2014 nyingi zikaongezewa na tanki la maji ya urea, yale yenye urea asilimia 32.5. Kichujio kinakamata masizi mpaka kinakaribia kujaa, halafu gari yenyewe inayachoma, na ili yaungue ndani ya kichujio joto linatakiwa lifike kama nyuzi 600. Joto hilo kwa kipande cha kilomita 6 hulipati. Gari inaanza kuchoma, wewe umefika umezima. Unawasha inaanza upya, unazima tena. Kila ikijaribu inamwaga dizeli ya ziada ili kupandisha joto na ile isiyoungua nyingine inashuka kwenye kuta za silinda inaingia kwenye oili, unapima oili unaona imepanda unafurahi gari haili oili kumbe ni dizeli imo humo, na oili iliyochanganyika na dizeli inalainika haishikilii tena beringi za injini.

Mimi nilikuwa nasambaza maji ya chupa mjini, simama tembea simama tembea. Taa ya kichujio iliwaka mwezi wa tatu tangu niichukue, nikaambiwa nenda barabara kubwa kimbiza dakika 20 hadi 30, nikaenda ikazimika, baada ya wiki tatu ikarudi. Nikawa Jumapili natoka kwenda kuunguza masizi badala ya kukaa na watoto. Mwisho ikaingia kwenye hali ya kujilinda, haina nguvu, ikabidi kichujio kitolewe kisafishwe. Na majivu ya oili ndani ya kichujio hayaungui kamwe, ndo maana hizi gari zinataka oili maalumu yenye majivu kidogo, ukimimina oili yoyote unakiua mapema. Na dizeli yenyewe iwe na salfa ndogo sana, Ulaya kikomo ni milioni kumi kwa... samahani, ni sehemu 10 katika milioni.

Gari sio mbovu. Kaka yangu ana ya namna ileile anakwenda masafa, kilomita 200 kwa safari, haijawahi kumsumbua. Ni mimi niliichukua kwa kazi isiyo yake. Kwa hiyo kama unataka mpya kwa vipande vya kilomita 6, uliza kama kuna ya petroli, au kodi tu gari siku ya safari ndefu.

KasiTaratibu

Hapo kwenye kichujio NjiaNdefu amenifungua macho sikuwa najua inafika huko. Bado nasema asiingoje imfie ila naona sio hiyo ya kuhamia.

HesabuKwanza

Mafuta: sema ya sasa inakwenda kilomita 10 kwa lita na mpya 12.5. Kwa kilomita 18,000 unatumia lita 1,800 dhidi ya 1,440, tofauti lita 360 kwa mwaka, yaani lita 30 kwa mwezi. Chukua bei ya lita unayonunulia wewe zidisha mara 30 uweke pembeni ya rejesho la mkopo la mwezi, utaona mwenyewe kama inafunika hata robo. Na hiyo 12.5 kwa safari zako fupi hutaipata.

Kingine watu wanakisahau, gari mpya inashuka thamani haraka zaidi miaka ya mwanzo, yako imeshashuka karibu pote ilipotakiwa kushuka. Ila na wewe ukihesabu ya zamani hesabu kwa ukweli, zile siku za kulala gereji ziandike kama hasara ya kazi, usiandike spea tu. Siku ukikuta spea pamoja na kazi ulizokosa kwa mwaka vimekaribia marejesho ya miezi 12, hapo hamia bila kumuuliza mtu.

Na tela, usipumbazwe na tangazo la kuvuta kilo 3,500. Ule uzito wa tela unaokandamiza ndoano, huwa kama asilimia 10, unahesabiwa ndani ya mzigo wa gari. Tela la kilo 2,000 limeshakula kilo 200 za mzigo wako, toa watu waliokaa, toa mashine ya kuchomelea na mabomba, kinachobaki ni kidogo. Hilo ni kwa zamani na mpya, na dabo kebini za sasa zenyewe ni nzito kwa hiyo soma kibao cha uzito mlangoni usisome tangazo.

MzigoMzito

Wakuu narudi baada ya siku 16, niliahidi kuleta mrejesho.

Chesesi tumeigonga yote mimi na fundi, imelia vizuri, kutu ya juu juu tu upande wa kulia nyuma tumekwangua tukapaka dawa. Mfuniko wa oili haurukiruki. Kompresheni silinda zote nne zimekaribiana sana, fundi mwenyewe akapima mara mbili. Kwenye chupa nne zote zilikuwa sawa, nikashusha pumzi nikajua hakuna kitu, lakini fundi alipotoa nozo ya tatu washa ya shaba ilikuwa imeliwa upande mmoja na pembeni pameganda masizi meusi magumu. Tukashusha sampo. Chujio la oili lilikuwa limezibwa karibu nusu. Nimelipiga picha nimeiweka kwenye simu, kila nikiiangalia nasikia baridi, kwa sababu wiki moja kabla ya kuandika hapa nilipanda na jenereta kwenye kilima kirefu na watoto walikuwemo. Spana14 sijui nikushukuruje.

Nozo zote zimewekwa washa mpya, belti na tensiona na wota pampu vimefungwa. Asubuhi sasa inawaka kimya.

Dada DadaWaKokoto, taa niliyoangalia haipo. Ina breki za kutojifunga (ABS) na mifuko ya hewa miwili ya mbele basi, na mkanda wa katikati nyuma ni wa kiuno, na pale katikati ndo mwanangu mdogo wa miaka sita anapopenda kukaa ili aone mbele. Nilimwambia mke wangu yote uliyoandika. Hatukulala mapema siku ile. Tumekubaliana hivi, pikapu inabaki kuwa ya kazi tu, mimi na mabomba yangu, na badala ya ule mkopo wa miaka 5 tunatafuta gari ndogo ya petroli iliyotumika, iwe na huo mfumo wa kuzuia kuteleza na mikanda kamili viti vyote, mkopo wake utakuwa mfupi sana kuliko ule. Mpaka tuipate watoto wanakaa pembeni kulia na kushoto, katikati hakai mtu.

Pikapu nimeifungulia daftari kama alivyosema HesabuKwanza, spea upande huu, siku zilizopotea upande huu.

Swali la mwisho kwa Spana14, oili mpya niliyoweka nisubiri kilomita 5,000 kama kawaida au niitoe mapema?

Spana14

Itoe mapema mkuu, ukifika 1,000 imwage. Masizi yaliyobaki kwenye njia za oili bado yatashuka, ndo kazi ya hiyo oili ya kwanza. Filta ya oili ukishaitoa usiitupe, ikate kwa msumeno utandaze ile karatasi yake uangalie, ukiona vipande vyeusi vigumu rudia tena kilomita 1,000 nyingine na ushushe sampo uangalie chujio. Ukiona safi endelea na 5,000 zako. Usiondoke nyumbani asubuhi kabla taa ya oili haijazimika kabisa, sekunde chache tu hizo.

Hongera kwa watoto kukaa pembeni.